Hela ya ofisi inaingia kwenye simu yangu, nyumbani wanaihesabu kuwa mshahara

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata na mume wangu. Nimeajiriwa na kampuni binafsi hapa Dar inayouza na kufunga pampu za maji zinazotumia umeme wa jua. Kazi yangu ni kuwafuata wateja waliokwisha kufungiwa, kukagua pampu na kusimamia matengenezo, kwa hiyo mara kwa mara niko njiani: Morogoro, Iringa, Makambako, wakati mwingine mpaka Mbeya. Kazi naipenda. Kinachonitesa ni hela za safari.*

*Ofisini kwetu ukipangiwa safari, mhasibu anakutumia kila kitu kwa mkupuo kwenye simu, kwa namba ileile unayotumia kila siku. Safari ya mwisho, ya Iringa na Makambako, nilitumiwa 1,180,000. Humo ndani kuna posho yangu ya kulala nje, 80,000 kwa usiku kwa siku tano, yaani 400,000. Kuna nauli 130,000. Halafu kuna masurufu ya kazi yenyewe 650,000, kwa ajili ya vibarua, usafiri wa kufika shambani kwa mteja, vipuri vidogo na dharura.*

*Hela iliingia jioni nikiwa nyumbani. Kabla sijaigusa, mkopo wa simu niliokuwa nao ukajikata wenyewe, 96,000. Usiku huohuo kijumbe wa mchezo wetu akapiga, zamu ya mtu imefika na mimi sijatoa, nikatuma 100,000. Asubuhi nikiwa stendi ya Magufuli pale Mbezi nasubiri basi, mama akapiga kutoka Tanga, dawa zake za presha zimekwisha, nikatuma 70,000. Kila nilipotuma nilijiambia nitafidia kwenye posho, kwa kuwa posho ni yangu.*

*Huko gesti nililala kwa 35,000 kwa usiku, chakula safari nzima kikala kama 110,000. Vibarua niliwatumia 60,000 kwa simu, bodaboda nililipa taslimu 27,000, na hao wote hawana risiti. Nauli nimeirejesha kwa tiketi, haina shida. Lakini kwenye masurufu nilirudi na risiti za 412,000 tu. Mhasibu anasema 238,000 haina maelezo na itakatwa yote kwenye mshahara wa mwezi huu. Mshahara wangu ni 720,000 kabla ya makato. Nikikatwa hiyo, sina ada ya mtoto wala kodi ya nyumba.*

*Kinachoniuma zaidi, ofisi nayo ina hela yangu. Safari ya Morogoro kabla ya hiyo, pampu ya mteja iligoma, nikanunua waya na swichi kwa hela yangu mwenyewe, 185,000, nikalipa kwa lipa namba ili mteja asikae bila maji. Risiti niliiweka kwenye mkoba. Nilipokuja kuipeleka ilikuwa imefutika, haisomeki. Mhasibu kaikataa.*

*Mwenzangu wa kazini ananiambia nisihangaike, nitafute risiti za kujazia, wapo watu wanazo. Na mume wangu aliiona ile meseji ya 1,180,000. Tangu siku hiyo anauliza hela imekwenda wapi. Nikimwambia haikuwa yangu ananijibu: mbona ulimtumia mama yako?*

*Shangazi, sijaiba. Nifanyeje hela hizi zisichanganyike tena? Na hili la kukatwa nilikubali?*

*Mama wa Wawili, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Pole na safari, na pole zaidi na kilichokupokea uliporudi.

Kabla ya yote nimekaa na kalamu nikazipanga upya namba zako, na wewe zipange tena kwa mkono wako uone kama tunaelewana. Posho yako ni 400,000. Gesti usiku tano kwa 35,000 ni 175,000, ongeza chakula 110,000, unapata 285,000. Kwa hiyo kwenye posho ulibakiza 115,000, na hiyo ni yako halali. Sasa matumizi yako ya nyumbani: mkopo 96,000, mchezo 100,000, dawa za mama 70,000, jumla 266,000. Ukiondoa ile 115,000 ya posho, 151,000 imetoka kwenye masurufu. Weka juu yake vibarua 60,000 na bodaboda 27,000. Inakuja 238,000 kamili, ileile anayokudai mhasibu.

Maana yake hakuna senti iliyopotea. 87,000 imefanya kazi ya ofisi ila haina karatasi, na 151,000 ni deni lako wewe kwa ofisi. Upande wa pili ofisi inashikilia 185,000 yako. Ukiweka vyote mezani, wewe ndiye unayebaki unaidai ofisi 34,000. Ulikuwa unalala na hofu ya mdaiwa wakati hesabu inakuonyesha wewe ndiye mdai.

Lakini tafadhali, usijilipe mwenyewe. Wafanyakazi wengi hufanya hivyo: ofisi ikichelewesha hela zao, wanashikilia masurufu ya safari inayofuata na kusema tumelipana. Kwenye vitabu vya mhasibu hayo ni mambo mawili yasiyojuana. Dai lako liko kwenye faili moja, masurufu yako kwenye faili jingine, na siku mkaguzi akifungua la pili atakuta jina lako na pengo. Kurejesha masurufu ni jambo moja, kudai ulichotumia ni jambo jingine. Kama vinafidiana, vifidiane kwa maandishi na kwa saini ya anayehusika.

Sasa kukatwa. Mhasibu hawezi kutamka tu kwamba 238,000 inakatwa, ikakatwa. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka makato yawe yameruhusiwa na sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au wewe mwenyewe uwe umekubali kwa maandishi kukatwa kwa ajili ya deni. Kama mwajiri anasema anafidia hasara uliyosababisha kazini, ni lazima akuandikie chanzo chake, kiasi chake na jinsi alivyokipiga hesabu, akupe nafasi ya kukipinga, na jumla ya makato hayo isizidi robo ya ujira wako wa fedha. Robo ya 720,000 ni 180,000. Ile 238,000 aliyokutajia imevuka hapo hata kabla hajakusikiliza. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa ajili ya migogoro ya namna hii, ila sikushauri uanzie huko. Mhasibu wako hajakataa kukusikiliza, ameona tu karatasi zisizotosha. Mpe karatasi zinazotosha.

Mwandikie barua fupi, isiyo na malalamiko ndani yake. Hata hivi inatosha: "Masurufu niliyopokea ni 650,000. Yenye risiti ni 412,000. Malipo ya vibarua na bodaboda yasiyo na risiti ni 87,000, orodha na uthibitisho nimeambatanisha. Salio ninalopaswa kurejesha ni 151,000. Pia naomba kurejeshewa 185,000 nilizonunulia vifaa vya mteja wa Morogoro kwa fedha yangu, uthibitisho nimeambatanisha. Ikiwa ofisi itaona vema kufidia moja kwa lingine, naomba ifanyike kwa maandishi."

Uthibitisho unao, ila hujaukusanya. Vibarua uliwatumia kwa simu: meseji zipo, na hata kama umezifuta, kampuni ya simu inaweza kukutolea taarifa ya miamala ya siku zile. Andika majina yao, namba zao na kazi waliyofanya. Bodaboda mtafute kama namba yake unayo, na mteja uliyemtembelea anaweza kuandika mistari miwili kwamba ulifika shambani kwake kwa usafiri huo. Ile 185,000 uliilipa kwa lipa namba, kwa hiyo jina la duka, tarehe na kiasi vimo kwenye taarifa hiyohiyo ya miamala. Halafu piga simu dukani au pita unapokuwa Morogoro, uwaombe wakutafutie nakala ya mauzo ya siku ile. Risiti iliyofutika peke yake haina nguvu. Risiti iliyofutika pamoja na taarifa ya muamala, barua ya duka na kifaa kilichofungwa kwa mteja, hiyo mhasibu mwenye nia njema hana sababu ya kuitupa.

Hilo la risiti za kujazia naomba tuliseme waziwazi. Usifanye. Namwelewa mwenzako, anataka ulale, lakini anakutoa kwenye deni la 151,000 na kukuingiza kwenye kughushi, na kwa kughushi hakuna mhasibu anayekutetea. Risiti ya mashine ya EFD ina namba ya uhakiki, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuikagua kwenye mfumo wa TRA akaona ni ya duka gani, saa ngapi, kiasi gani. Risiti ya vipuri iliyotolewa Dar siku uliyokuwa Makambako itakufukuzisha kazi. Leo una neno moja zito la kumwambia yeyote: "Sijaiba." Usiliuze. Na gesti wakikuuliza "nikuandikie shilingi ngapi," jibu ni kiasi ulicholipa.

Sasa niseme lililonigusa zaidi kwenye barua yako. Umeyataja mambo matatu yaliyokula hela ya ofisi kana kwamba yalikuvamia: mkopo, mchezo, dawa za mama. Mwanangu, hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa la ghafla. Dawa za presha huwa zinakwisha, na tarehe ya kwisha inajulikana siku zinaponunuliwa. Zamu ya mchezo iko kwenye daftari la kijumbe tangu mzunguko ulipoanza. Mkopo wa simu uliuchukua wewe, ukijua utajilipa kwa hela yoyote itakayotangulia kuingia. Yote matatu yalikuwa yanasubiri mahali pa kulipiwa, na safari ikawa ndiyo hapo mahali.

Naona hivi ndivyo nyumba nyingi za Dar zenye mtu wa safari zinavyoishi bila kukusudia. Posho inaanza kama nyongeza, baada ya muda inakuwa nguzo. Mtu anajiunga na mchezo wa 100,000 ambao mshahara wake hauuwezi, kwa kutegemea kwamba hapakosi safari. Kisha masika yanaingia, barabara za vijijini zinakatika, safari zinaahirishwa, au ofisi inasema bajeti ya robo hii imekwisha, na nyumba yote inayumba. Inapotokea safari moja, inapokewa na madeni ya miezi miwili. Hapo hata malaika hawezi kutenganisha hela.

Kwa hiyo dawa za mama ziingie kwenye mshahara, mstari wa juu kabisa, kabla ya vocha na kabla ya saluni, na baba watoto aujue mstari huo. Mchezo ongea na kijumbe: maliza mzunguko huu kwa heshima, maana kuna mwenzako anategemea zamu yake, halafu unaofuata ingia kwa kiasi ambacho mshahara peke yake unakibeba. Mkopo wa simu ulipe uishe, ukae nao mbali. Posho nayo isiguswe kwa mambo ya nyumbani mpaka umerudi. Ulichobakiza ukiwa umerudi Tabata, umelala, umekula, na masurufu umeyarejesha, hicho ndicho cha kufanyia unachotaka, na usione haya kukifurahia. Ukiamua kulala kwa shangazi yako Iringa ubakize zaidi, ni haki yako pale ambapo posho ni kiwango maalumu. Muulize tu mhasibu kama ofisi yenu inadai risiti ya malazi, maana zipo ofisi zinazodai. Ila usilale kwenye gesti isiyo na komeo kwa ajili ya kubakiza 15,000. Wewe ni mama wa watu.

Kuhusu mume. Swali lake, "mbona ulimtumia mama yako," limekuuma, lakini ni swali la haki. Meseji ilionyesha 1,180,000, akaona mkewe ana zaidi ya milioni, akaona moja ya matumizi ni Tanga, na nyumbani hajaona kitu. Ungekuwa wewe ungeuliza. Msimalizie jambo hili kwa maneno. Kaa naye jioni moja watoto wakiwa wamelala, mwandikie zile hesabu tulizoanza nazo, zikiwemo 70,000 za mama na 100,000 za mchezo, umwache asome mwenyewe mpaka chini. Mwonyeshe kwamba kati ya milioni na ushee, iliyokuwa yako hata kwa kuihesabu yote ni 400,000, na kwamba kulala na kula kuliitoa 285,000. Wanaume wengi hawajawahi kuonyeshwa mgawanyo huo. Wanaiona namba ya juu tu. Na kuanzia sasa mwambie kabla ya safari: naenda mahali fulani, usiku kadhaa, posho yangu ni kiasi hiki, natarajia kurudi na kiasi hiki. Ukimwambia kabla, meseji haitakuwa na cha kumwambia baadaye.

Tuje kwenye kuzitenganisha. Unapokea hela za aina tatu na zote zinapita mlango mmoja. Kuna posho, ambayo ni yako ukishasafiri. Kuna masurufu, ambayo si yako hata dakika moja, umebebeshwa tu. Na kuna hela yako mwenyewe unayoitanguliza kwa ajili ya ofisi, kama ile ya Morogoro. Hata sheria ya kodi inazitazama kwa macho tofauti: Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inahesabu posho kuwa sehemu ya kipato cha ajira, lakini inaiacha nje ile inayokurudishia tu kile ulichokitumia kwa ajili ya kazi. Kinachoonyesha kwamba hela fulani ni ya kundi hilo la pili ni makaratasi. Kwa hiyo mhasibu anapodai risiti hakusumbui wewe peke yako, analinda na vitabu vya kampuni.

Sajili laini ya pili, ya mtandao mwingine tofauti na huo wenye mkopo. Nasema mwingine kwa makusudi, kwa sababu mkopo wako uko kwenye laini uliyokopea na hela ikiingia huko italiwa tena. Isajili kwa kitambulisho chako mwenyewe cha NIDA na alama zako za vidole, usitumie ya mdogo wako wala ya jirani, maana hela ya ofisi isikae kwenye jina la mtu mwingine. Simu nyingi siku hizi zinabeba laini mbili. Weka namba ya siri tofauti, usijiunge na mkopo wowote kwenye laini hiyo, na usimpe mtu namba hiyo: kijumbe asiijue, shule isiijue, mama asiijue. Ni ya mhasibu, wateja na mafundi tu. Kama unapenda benki zaidi, akaunti ya pili inafanya kazi hiyohiyo, lakini kwa safari za vijijini, ambako kibarua anataka alipwe palepale, laini ya simu ni rahisi zaidi.

Siku masurufu na posho vinapoingia, hamisha posho yako kwenye laini yako ya zamani, iwe imeondoka. Au bora zaidi, mwombe mhasibu atume mara mbili: posho kwenye namba yako, masurufu kwenye namba ya kazi, kila moja na maelezo yake. Hili ni jambo ambalo ofisi yenu ilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Kumtumia mfanyakazi posho yake na hela ya kampuni kwa mkupuo mmoja, bila hata karatasi ya mgawanyo, ni kumtega, na nina hakika si wewe peke yako uliyenaswa hapo ofisini. Omba karatasi ya mgawanyo kila safari. Ukiomba kwa adabu hakuna atakayekasirika, na wenzako watakushukuru.

Ukiwa safarini, lipa kwa laini ya kazi kila inapowezekana, hata bodaboda wa 3,000, kwa sababu meseji inabaki. Ukilazimika kutoa taslimu kwa wakala, makato ya kutoa ni gharama ya ofisi, yaandike. Yakijumlishwa safari nzima si madogo. Kwa wasio na mashine, beba karatasi chache zenye mistari: jina, namba ya simu, kazi, kiasi, saini au dole gumba. Kabla hujaondoka muulize mhasibu anazikubali mpaka kiasi gani.

Dukani dai risiti ya EFD. Muuzaji atakuambia bila risiti anakupunguzia. Hiyo punguzo ni yako kweli? Vifaa ni vya ofisi, kwa hiyo anayepunguziwa ni ofisi, na anayebaki bila risiti ni wewe. Tena kisheria mnunuzi asiyedai risiti naye ana kosa, si muuzaji peke yake. Mwambie aingize jina na TIN ya kampuni yenu. Kisha usiku huohuo gesti, kabla hujazima taa, zitandaze risiti za siku hiyo kitandani, uzipige picha moja moja, namba ya uhakiki ionekane, umtumie mhasibu au ujitumie mwenyewe kwa barua pepe. Karatasi ya mashine zile inachapwa kwa joto, haina wino. Ikikaa kwenye mkoba wa mtu aliyeshinda juani, au kwenye dashibodi ya gari kutoka Makambako mpaka Dar, inageuka nyeupe. Ndivyo ilivyopotea risiti yako ya 185,000. Kwenye daftari andika tarehe, kitu, kiasi, na ni hela ya nani kati ya zile tatu. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Na hela yako mwenyewe jitahidi usiitangulize tena. Mteja akikwama na masurufu yamekwisha, piga simu ofisini kwanza, watume. Wakisema tumia yako tutakurudishia, waambie waandike kwa meseji, kiasi na sababu, ndipo utoe. Moyo wako wa kumwonea mteja huruma ni mzuri, ila mshahara wako hauna nguvu ya kuikopesha kampuni.

Barua ya mhasibu iandike leo, kabla hawajafunga mishahara ya mwezi, uipeleke kwa mkono na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ile 151,000 kama hawatakubali kuifidia na dai lako mara moja, omba kuilipa kwa miezi miwili au mitatu, na kiwango hicho ndicho uweke saini, si 238,000. Laini ukishaipata, mpelekee mhasibu namba yake kwa maandishi, umwombe aitumie kwa masurufu ya safari tu. Mshahara na posho viendelee kuja kule kwa zamani.

Shangazi